Steki na Mayai Nyumbani: Kuanzia Bucha Hadi Sahani

Steki na mayai huchukua dakika ishirini motoni na siku kadhaa kwenye friji. Hiyo sehemu ya friji ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoamua kama nyama italika kwa raha au itatafunwa mpaka mataya yachoke. Viungo vina nafasi ndogo sana hapa. Kazi kubwa inafanywa na nyama iliyopumzika, kikaango kilichoshika moto sawasawa, na kiini cha yai kinachogeuka kuwa mchuzi.

Nyama: nunua mapema, usiipike leo

Katika mabucha mengi ya Tanzania na Kenya ng'ombe huchinjwa usiku au alfajiri, na nyama huuzwa asubuhi hiyohiyo. Kwa supu au mchuzi hakuna ubaya, maana moto wa saa moja na nusu utailainisha. Lakini steki inakaa motoni dakika nane au tisa tu, na muda huo hautoshi kulainisha chochote. Misuli ya ng'ombe hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, na inachukua siku nzima au zaidi kuanza kulegea. Kuanzia hapo vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe huendelea kuilegeza kidogo kidogo kila siku.

Kwa hiyo nunua kipande kizima cha kilo moja na nusu au mbili, bila kukatwa. Kiweke kwenye friji yenye nyuzi joto 0 hadi 4, juu ya waya au sahani iliyoinamishwa ili maji yake yachuruzike, ukifunike kwa kitambaa safi kilicholegea, kwenye rafu ya chini kabisa ili kisidondoshee vyakula vingine. Siku tatu zinaleta tofauti unayoihisi mdomoni. Siku tano ndiyo mwisho wetu kwa friji ya nyumbani. Usikiache ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu kitalala kwenye maji yake na kuanza kunuka. Ukikuta utelezi au harufu ya uchachu, tupa. Umeme ukikatika kwa zaidi ya saa nne, sahau steki: kama nyama bado ni ya baridi kabisa ichemshe siku hiyohiyo, kama imeshapata uvuguvugu usiile.

Kosa kubwa zaidi ni kuitoa nyama bucha ikiwa bado na joto la mwili, kuikata vipande vyembamba na kuitia friza papo hapo. Misuli ikipozwa haraka kabla haijamaliza kukakamaa hujikunja kwa nguvu, na ugumu huo hautoki tena hata uipike vipi. Kipande kikubwa hupoa polepole, ndiyo maana tunasisitiza kisikatwe. Ukipata bucha lenye chumba cha baridi linalotundika nyama siku mbili au tatu, shikamana nalo hata kama bei iko juu kidogo.

Sasa kuhusu sehemu ya kununua. Ukisema tu "nipe steki", mabucha mengi yatakupa mnofu wowote usio na mfupa, na mara nyingi ni wa paja. Paja ni msuli unaotembea siku nzima, na kwa ng'ombe wa kienyeji aliyechungwa mbali huwa mkavu na wenye nyuzinyuzi ndefu. Omba sarara (Dar es Salaam wengi wanaita salala), yaani ule mnofu mrefu wa ndani ya mgongo usiofanya kazi nzito. Ndio laini kuliko yote, ingawa hauna mafuta mengi. Chaguo la pili ni nyama ya juu ya mgongo, upande wa nje wa uti, ikiwa na ukanda wake wa mafuta: ina ladha zaidi kuliko sarara na inavumilia moto vizuri. Mwambie muuzaji asiguse na panga. Kata mwenyewe nyumbani kwa kisu kikali, ukikatisha nyuzinyuzi za nyama, vipande vya unene wa sentimita 3, karibu upana wa vidole viwili vya mtu mzima. Kipande cha gramu 250 kinamtosha mtu mmoja. Ule utando mweupe unaong'aa juu ya sarara uondoe wote, kwa kuwa hauivi kwa haraka, na unapojikunja huivuta nyama mpaka ikapinda na kuacha kugusa kikaango.

Kama umepata paja tu, si mwisho wa safari. Likate jembamba, sentimita moja hadi moja na nusu, kisha fanya wanavyofanya wachoma mishkaki wa pwani: paka papai bichi lililosagwa, kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo ya nyama, uache dakika 30 hadi 45. Usizidishe. Kimeng'enya cha papai hakijui kuacha, na ukikiachia usiku kucha utaamka na nyama iliyolegea juu kama uji huku katikati ikiwa ngumu vilevile. Futa papai lote kabla ya kukaanga, maana linaungua upesi.

Kuiva kiasi gani

Hapa mapendeleo yanaanza, na kila mtu ana haki ya lake. Lakini ijue nyama kwanza. Chini ya nyuzi joto 50 katikati bado ni mbichi na inateleza. Kwenye 54 hadi 57 ni nyekundu yenye joto, laini kabisa. Kwenye 60 hadi 63 ni ya waridi na imeanza kushikamana. Kuanzia 66 hivi protini hukaza zaidi na kukamua maji, na ikifika 71 rangi ya waridi imekwisha. Ule umajimaji mwekundu unaotoka sahanini si damu; ni maji ya misuli yenye myoglobini, protini inayoipa nyama wekundu wake, na ng'ombe aliyechinjwa vizuri alishamwaga damu yake machinjioni.

Kwa nyama ya kwetu tunashauri 60 hadi 63, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni tegu. Vifuko vya minyoo hao hukaa ndani ya msuli wa ng'ombe, si juu tu, na hufa nyama inapofika nyuzi 60 katikati. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi, lakini muhuri peke yake usikufanye ule nyama mbichi. Mwenye kupenda steki nyekundu ya nyuzi 55 aigandishe kwanza kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 10 baada ya kuipumzisha, kisha aiyeyushie ndani ya friji. Sababu ya pili ni kwamba nyama yenye mafuta haihitaji kubaki nyekundu ili iwe tamu: mafuta yakipata joto la kutosha kuyeyuka, ladha inaongezeka.

Wapo wengi, pengine wengi zaidi katika nyumba zetu, wasiotaka kuona waridi hata kidogo. Wasilazimishwe, na wasipewe kandambili. Steki iliyoiva kabisa inaweza kuwa nzuri ukiisimamisha kwenye 71 badala ya kuiacha ifike 85. Ikate sentimita 2 badala ya 3, iunguze vizuri pande zote mbili, kisha shusha moto, ongeza kijiko cha samli, funika dakika mbili au tatu, toa. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu wale hii, na mayai yao yaive mpaka kiini kigande.

Kikaango, moto na mafuta

Kinachohitajika ni chuma kizito. Kikaango cha chuma cha kusubu ni bora, na cha chuma cha pua chenye kitako kinene kinafuata. Sufuria nyembamba ya alumini hupoteza joto mara tu nyama baridi inapotua. Maji yanatoka, nyama inachemka ndani ya maji yake, na unapata rangi ya kijivu. Kikaango kisichoshika chakula kiache kwa ajili ya mayai, kwa sababu utando wake huanza kuharibika na kutoa moshi wenye madhara ukipita nyuzi 260, na chombo kitupu kwenye gesi kubwa kinafika huko kwa dakika chache.

Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa yanafaa. Yale ya kukamuliwa kienyeji, mazuri kwa mboga, hutoa moshi mapema mno. Samli ndiyo tunayoipenda kuliko yote: haina maji wala mabaki ya maziwa, hivyo inavumilia moto mkali na inabaki na harufu ya siagi. Siagi yenyewe inaungua upesi, kwa hiyo huingia mwishoni. Majarini iache, ina maji mengi na inaruka.

Kwa jiko la mkaa, subiri makaa yashike yote na kuvaa jivu jembamba, huku mlango wa jiko ukiwa wazi. Huwezi kushusha moto kwa kuzungusha kitufe, kwa hiyo weka tofali pembeni: ukitaka moto mdogo, funga mlango wa jiko na usogeze kikaango juu ya tofali kwa nusu dakika.

Chumvi na kukausha

Kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini kinatosha nusu kilo ya nyama. Itie usiku wa kuamkia siku ya kupika, au angalau dakika 45 kabla, au sekunde ile unapoweka nyama kikaangoni. Kati ya dakika 5 na 30 ndio wakati mbaya, kwa kuwa chumvi imeshavuta maji juu lakini nyama haijayarudisha ndani, nawe utakaanga nyama iliyolowa. Pilipili manga itie mwishoni, isiungue ikawa chungu.

Kisha kausha. Tumia karatasi za jikoni au kitambaa safi, bonyeza pande zote na kingo mpaka karatasi itoke kavu. Rangi ya kahawia yenye harufu nzuri huanza kujijenga kwenye nyuzi 140 na kuendelea, na maji hayapandi zaidi ya 100 kabla hayajaisha. Kila tone lililobaki juu ya nyama linachelewesha rangi hiyo huku ndani kukiendelea kuiva. Kuitoa nyama nje ya friji ipate joto la chumba kunasaidia kidogo sana. Nusu saa inatosha, na kukausha kuna faida mara kumi zaidi.

Kukaanga

1. Pasha kikaango kitupu moto wa kati kuelekea mkubwa, dakika 4 hadi 6. Dondosha tone la maji. Likitulia na kuchemka hapohapo, bado. Likijiviringa na kukimbia juu ya chuma, tayari.

2. Tia kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, kizungushe, kisha laza nyama kwa kuielekeza mbali nawe ili mafuta yasikurukie. Usijaze kikaango: vipande viwili kwa chombo cha sentimita 26. Bonyeza kidogo ili nyama iguse chuma kote.

3. Iache dakika moja bila kuigusa, geuza. Baada ya hapo geuza kila dakika moja. Ile kanuni ya kugeuza mara moja tu haina msingi. Kugeuza mara kwa mara kunaivisha sawasawa na kunapunguza ule ukanda wa kijivu chini ya tabaka la kahawia.

4. Kama kuna ukanda wa mafuta, isimamishe nyama kwa koleo juu ya ukanda huo kwa dakika moja mpaka mafuta yapate rangi ya dhahabu.

5. Zikibaki dakika mbili, shusha moto, tia gramu 20 za siagi, punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa na maganda yake, na kijiti cha rozimari kama unacho. Inamisha kikaango, chota siagi na umwagie nyama mfululizo. Kitunguu saumu kikitangulia mapema, kinaungua na kutia uchungu kila kitu.

6. Pima katikati kwa kipimajoto, ukikichoma kupitia ubavuni. Toa nyama ikiwa imebakiza nyuzi 3 au 4 kufika unapotaka, kwani itaendelea kupanda ikiwa sahanini.

Kwa kipande cha sentimita 3, jumla ni dakika 6 hadi 7 kwa nyuzi 55, na dakika 8 hadi 9 kwa 60 hadi 63. Hizi ni za kuanzia, kila jiko lina tabia yake. Kipimajoto cha jikoni kinalipa gharama yake kwa steki mbili ambazo hukuziharibu. Ukiwa huna, chomeka kijiti chembamba cha chuma katikati, hesabu mpaka kumi, kiguse chini ya mdomo: kikiwa vuguvugu tu ni nyekundu, kikiwa na joto la wazi ni ya waridi, kikikulazimisha kukiondoa imeiva kabisa.

7. Ipumzishe dakika 5 hadi 7 juu ya waya, au juu ya uma mbili zilizolazwa sahanini ili upande wa chini usilowe. Dakika hizi ndizo za mayai.

Mayai

Siri ya mlo huu ni ratiba. Mayai yakitangulia yanapoa na kuwa kama mpira. Nyama inaweza kusubiri, yai haliwezi. Vikombe, sahani, chapati, kachumbari, vyote viwe mezani kabla nyama haijatoka motoni.

Vunja kila yai kwenye kibakuli chake kwanza. Kwa mayai ya kienyeji hili si la hiari, maana huwezi kujua kama kuku alishaanza kulalia, na yai viza moja likianguka kikaangoni linaharibu yote. Kwenye maji, yai bichi zuri hulala chini, linalosimama limekaa siku nyingi, linaloelea litupe. Mayai mawili ya kisasa, ya gramu 55 hadi 60, au matatu ya kienyeji yanamtosha mtu mmoja. Ya kienyeji ni madogo lakini kiini chake huchukua sehemu kubwa ya yai, na kwa steki tunayachagua hayo bila kusita.

Usiyakaange kwenye kikaango cha steki kikiwa bado na moto wake. Chuma hicho kiko juu ya nyuzi 200, mabaki meusi yatagandia ute, na ukingo utaungua kabla kiini hakijapata joto. Tumia kikaango kingine. Ukiwa na kimoja tu, mwaga mafuta, futa, acha dakika mbili nje ya moto, tia samli mpya.

Ute huanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi na hukaza kabisa karibu na 80, wakati kiini kinaganda kati ya 65 na 70. Ndiyo maana ni vigumu kupata ute ulioiva na kiini kilicho majimaji kwa moto wa chini peke yake. Mbinu ni hii: samli kijiko cha chai, moto wa kati, tia yai mafuta yanapoanza kunong'ona. Ukingo ukishaganda, baada ya dakika moja, nyunyiza kijiko kimoja cha maji pembeni na ufunike sekunde 40 hadi 50. Mvuke unaivisha ute wa juu, na kiini kinabaki cha kumwagika. Anayependa ukingo mkavu wenye kukatika aongeze samli mpaka vijiko viwili vikubwa, moto mkali, amwagie mafuta juu ya ute tu kwa sekunde 60, bila kufunika.

Ute ukitawanyika kikaango kizima, yai ni la zamani. Lipitishe kwenye chujio dogo, ule ute mwepesi udondoke, na linalobaki litakaa pamoja. Yai likigandia, kikaango kilikuwa baridi au kichafu.

Mayai ya kuvuruga yanataka moto mdogo na subira. Mayai matatu, chumvi robo kijiko cha chai, siagi gramu 15, koroga polepole dakika 3 hadi 4 na uondoe yakiwa bado yanang'aa kwa unyevu, maana yataendelea kuiva yenyewe. Yakitoa maji sahanini, yalizidi moto. Kama unatia nyanya na hoho, zikaange kwanza mpaka maji yote yakauke, ndipo mayai yafuate.

Kuoanisha

Nyama isiyo na mafuta, kama sarara au paja, inataka yai lenye kiini majimaji, maana kiini ndicho mchuzi wake. Nyama yenye ukanda mnene wa mafuta inapendeza zaidi na yai lililogeuzwa na kuganda, la sivyo mdomo unachoka upesi. Iliyoiva kabisa nayo inahitaji kiini majimaji kuliko zote, mradi mlaji si wa wale tuliowataja wanaopaswa kula mayai yaliyoganda. Utaona mantiki hiyo mbali pia: Mmarekani Alan Shepard, asubuhi ya tarehe 5 Mei 1961 kabla ya kurushwa angani, alikula fileti (ndiyo sarara) iliyozungushiwa bekoni, nyama ya nguruwe yenye mafuta, pamoja na mayai ya kuvuruga, nyama konda ikiazima mafuta kwingine. Majirani zetu wa Msumbiji wana prego no prato, steki nyembamba yenye kitunguu saumu ikiwa na yai la kukaanga juu yake, na kwa nyama ya paja huo ndio mfano wa kuufuata.

Kata nyama kwa kukatisha nyuzinyuzi, vipande vya nusu sentimita. Nyunyiza pilipili manga. Kama kikaango kina mabaki ya kahawia (si meusi), mwaga mafuta, tia vijiko vinne vya maji, kwangua kwa mwiko wa mbao, kamulia nusu ndimu, na dakika moja baadaye una mchuzi mwepesi. Chapati inaufuta vizuri kuliko mkate. Kachumbari iwe na ndimu ya kutosha na chumvi kidogo, kwa kuwa nyama ina yake tayari.

Nyama iliyobaki iingie friji ndani ya saa mbili, iliwe ndani ya siku tatu. Usiipashe moto mzima mzima, itakauka. Ikate vipande vyembamba ikiwa baridi, uitumbukize kwenye mayai ya kuvuruga sekunde 30 kabla ya kuyatoa.